Kasha la Mumias na Vitabu vya Wayahudi

Wasomaji wangu wa Pwani mtaniwia radhi, kwani leo nawatoa kwenye upepo wa bahari niwapeleke bara, tena bara ya mbali, kwenye mashamba ya miwa na mvua za alasiri. Nilikuwa Kakamega. Mtoto wa rafiki yangu, kijana wa Mombasa aliyepata kazi ya kusomesha huko, ameoa, nami nikaombwa nifuatane na wazee wa upande wa bwana arusi na nitunge beti chache za kuwaombea heri maharusi. Beti nilizitunga, pilau tukaila, na mambo yalikwisha salama, alhamdulillahi.

Lakini si arusi iliyonishikisha kalamu. Kilichonishikisha kalamu ni kasha la mbao nililoonyeshwa Mumias, na habari za Wayahudi weusi wa ng'ambo ya Mlima Elgon, na fikira zilizonizonga njia nzima nikirudi nyumbani.

Nianze na kichekesho. Pale Kisumu, tulipokuwa tukitafuta gari la kwenda Kakamega, nilimsikia utingo akinadi, "Mbale! Mbale!" Nikastaajabu kuwa matatu ndogo ile inavuka mpaka hadi Uganda. Bibi mmoja aliyekaa karibu nami akacheka, akaniambia, "Baba, Mbale ziko mbili. Hii ni yetu ya Vihiga, utaipita kabla ya kufika Kakamega. Ile ya Uganda ni safari nyingine." Basi jina hilo likanikaa kichwani, maana Mbale ya Uganda nilikuwa nimeisoma siku nyingi kwa sababu ya watu wake wanaoitwa Abayudaya, nao nitawarudia.

Siku ya Ijumaa nilikwenda Mumias kuswali. Asiyejua na ajue kwamba mji huo si mgeni kwa Uislamu. Misafara ya wafanyabiashara wa Kiswahili na Kiarabu ilifika kwa Wawanga tangu karne ya 19 ikitafuta pembe za ndovu, na Nabongo Mumia, aliyetawala kutoka mwaka 1882 hadi alipofariki mwaka 1949, alisilimu. Waliotoka kwetu hawakuacha bidhaa tu. Waliacha msikiti, waliacha chuo, na waliacha vitabu.

Baada ya swala nilijulishwa kwa mzee mmoja, umri wake umepita miaka themanini, ambaye watoto wa mtaa humwita Maalim. Alinikaribisha kwake, tukanywa chai, na aliposikia kwamba natoka Mombasa na kwamba nilisoma chuoni kabla sijaingia skuli, aliinuka polepole akaingia chumbani. Akarudi na mjukuu wake wamebeba kasha.

Ndani mlikuwa na msahafu uliochakaa, Maulidi ya Barzanji, kitabu cha fiqhi cha wanafunzi, na daftari moja la karatasi nene lililoandikwa kwa mkono. Mzee akanipa lile daftari, akasema, "Mwanangu, hili nasoma herufi zake lakini silielewi. Si Kiarabu. Nitizamie."

Nikatizama. Kweli halikuwa Kiarabu. Kilikuwa Kiswahili kilichoandikwa kwa khati ya Kiarabu, Kiswahili cha Kiamu, utenzi wa mawaidha wa beti mia na kitu, usio na jina la mtunzi. Nikamsomea. Alinyamaza kimya mpaka nikafika mwisho, kisha akasema, "Daftari hili limekaa nyumba hii tangu babu yangu. Leo ndiyo siku ya kwanza nalisikia linasema."

Ndugu zangu, maneno hayo yalinichoma, na nitawaeleza kwa nini. Lakini kwanza twende Urusi.

Nikiwa kijana nilipenda kusoma habari za dola ya Kisovieti, na katika niliyoyasoma hakuna lililonishangaza kama vita vyake na vitabu vya dini. Baada ya mapinduzi ya mwaka 1917 serikali ya Wabolsheviki iliwageukia Wayahudi wake. Vyuo vya watoto vya kufundisha Taurati vilifungwa, lugha ya Kiebrania ikahesabiwa kuwa lugha ya wapinzani wa mapinduzi, na kupiga chapa vitabu vya dini kukakoma mwishoni mwa miaka ya 1920. Mwanachuoni wao mkubwa, Yosef Yitzchak Schneersohn, alikamatwa Leningrad mwaka 1927 kwa kosa la kuendesha vyuo kwa siri, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikapunguzwa na mwaka huo huo akatoka nchini. Maktaba ya jamaa zake, yenye vitabu vipatavyo 12,000, ilikwisha kutaifishwa na kuingizwa katika maktaba kuu ya Moscow. Mpaka leo wafuasi wake wanaidai. Mwaka 2010 hakimu wa Marekani aliamuru irudishwe, Urusi ikakataa, na mwaka 2013 sehemu yake ikahamishiwa katika jumba la makumbusho la Wayahudi mjini Moscow, lakini mikononi mwa wenyewe haikurudi.

Je, dini ilikufa? Haikufa. Watu walifundishana majumbani, mapazia yameshushwa. Walinakili kwa mkono, walinakili kwa taipureta, walipitishiana kurasa moja moja. Yosef Begun, bwana mmoja aliyesomea hisabati, alishitakiwa mara tatu, na kiini cha makosa yake ni kwamba alifundisha Kiebrania na kusambaza maandishi ya utamaduni wake. Mwaka 1983 alihukumiwa miaka 7 kifungoni na miaka 5 uhamishoni. Aliachiliwa mwaka 1987, na miaka minne baadaye dola iliyomfunga ikavunjika, na Kiebrania kiko pale pale.

Najua msomaji mmoja atasema, "Sheikh, sisi na vitabu vya Mayahudi wapi na wapi? Huoni yanayotendeka Palestina?" Nayaona, na yananiuma kama yanavyokuuma wewe. Lakini ugomvi wa ardhi na dhulma za serikali ni jambo moja, na kitabu cha mtu ni jambo jingine. Sisi tumefundishwa tangu utotoni kuwa Taurati iliteremshwa kwa Nabii Musa, na wenye kuifuata tumewaita Watu wa Kitabu. Anayefurahi kuona chuo cha mwenziwe kinafungwa, asishangae zamu yake ikifika.

Na zamu ya Waislamu ilifika, tena kule kule. Katika miaka ya mwisho ya 1920 serikali ile ile iliwaamuru Waislamu wake, Wauzbeki, Watatari, Waazeri na wengineo, waache khati ya Kiarabu waandike kwa herufi za Kilatini. Hawajazizoea, ikafika miaka ya 1939 na 1940 wakaamriwa waache za Kilatini washike za Kirusi. Mtoto wa Bukhara, mji uliokuwa taa ya elimu, akawa hawezi kusoma barua ya babu yake. Haikuhitajika kuchoma kila kitabu. Ilitosha kumfanya mjukuu awe kipofu mbele ya kitabu, kikabaki karatasi.

Yuko tena na ule msahafu mkongwe wa Samarkand, ambao watu wengi wa huko hunasibisha na Sayyidna Uthman. Jeshi la mfalme wa Urusi lilipoiteka nchi hiyo, msahafu ulichukuliwa mwaka 1869 ukapelekwa katika maktaba ya mfalme mjini St. Petersburg. Na katika maktaba hiyo hiyo, wakati huo huo, kilikuwamo chuo kikubwa cha Wayahudi kilichoandikwa Misri karibu mwaka 1008, ambacho wanavyuoni hukihesabu kuwa nakala kongwe kuliko zote iliyo kamili ya maandiko yao ya Kiebrania, na ambacho mpaka leo kiko mji huo. Misri ya mwaka 1008, zingatieni, ni Misri ya Waislamu. Myahudi alikaa chini ya utawala wa Kiislamu akaandika kitabu chake kwa raha zake, wino na nukta, na kikadumu miaka elfu. Hebu fikirini vyuo viwili hivyo, cha Musa na cha Muhammad, vimefungiwa nyumba moja ya ugenini kwa sababu bwana mmoja ana bunduki. Msahafu ulirudishwa Tashkent mwaka 1924, lakini ukawekwa makumbusho, na ukapita katika mikono ya masheikh mwaka 1989 tu.

Sasa nirudi kwa wale wa Mbale, ile ya Uganda. Semei Kakungulu alikuwa jemadari wa Kiganda aliyewatekea Waingereza nchi za mashariki, kisha wakamvunja moyo. Alikuwa Mkristo, lakini kwa kuisoma Biblia ya Kiganda peke yake, bila ya mwalimu, mwaka 1919 aliamua kuwa dini ya kweli ni ile ya Musa. Akajitahiri, akawatahiri wanawe, na wafuasi wake wakaitwa Abayudaya. Mwaka 1922 alipiga chapa kitabu cha Kiganda cha kurasa 90, chenye sala na sheria za jamii yake. Alifariki mwaka 1928, na watu wake wakaendelea vilimani wakichinja wenyewe, wakishika Sabato yao, wakiwa na vitabu vya kuhesabika.

Yule Maalim wa Mumias aliwajua. Ujanani alikuwa akienda Mbale kununua ngozi. Aliniambia, "Walikuwa watu watulivu. Nguruwe hawali, watoto wanatahiri, kofia wanavaa. Sisi tulikuwa tukitaniana nao kwamba wamekosea njia hatua moja tu."

Kisha akaja Idi Amin, mwaka 1971. Hapa nitasema jambo ambalo baadhi yenu halitawapendeza, lakini mwandishi anayeogopa wasomaji wake na aweke kalamu chini. Amin alijiita Mwislamu, na wako miongoni mwetu waliomshangilia kwa jina hilo. Katika miaka ya utawala wake dini ya Abayudaya ilipigwa marufuku na masinagogi yao yakafungwa. Wengi wakaingia Ukristo, wengine wakaingia Uislamu, si kwa kukinaika bali kwa hofu. Watu waliokuwa kiasi cha 3,000 wakabaki kiasi cha 300. Hao mia tatu walisali kwa kujificha na vitabu vyao wakavificha. Nauliza: Uislamu ulipata faida gani kwa mtu aliyetamka shahada huku anaangalia mlango? Dini yetu imekataza kumtia mtu dini kwa nguvu, na sijui sheikh yeyote wa kutegemewa aliyefundisha vingine. Lile lilikuwa tendo la Stalin lililovishwa kanzu.

Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979, na usiku huo ndio uliokuwa ukiingia Pasaka ya Wayahudi, sikukuu yao ya kukumbuka kutoka utumwani kwa Firauni. Mia tatu hao wakatoka hadharani, wakafundisha watoto wao kutokana na hayo machache waliyoyahifadhi. Mwaka 2008 mmoja wao, Gershom Sizomu, alihitimu Marekani na kuwa rabi wa kwanza wa jamii hiyo kupewa cheo hicho. Leo wamekwisha kuzidi elfu.

Basi nimeyasema yote hayo ili nifike hapa. Mfalme anaweza kukifunga kitabu, na jemadari anaweza kukinyakua. Lakini mara nyingi kitabu kilichokatazwa hupata wapenzi zaidi, kwa kuwa mtu hushika kwa mikono miwili kile anachotaka kunyang'anywa. Kitabu ambacho hufa kweli kweli ni kile ambacho hakuna aliyekikataza, hakuna aliyekiiba, na hakuna aliyekisoma.

Sasa nitatoa langu, na aibu ni yangu mwenyewe. Marehemu babu yangu alikuwa na kasha kama lile la Mumias, kubwa zaidi. Asili ya ukoo wake ni Siyu, kisiwani Pate, mji ambao katika karne za 18 na 19 ulisifika kwa waandishi wa misahafu. Alipofariki mimi nilikuwa kijana, nimetoka chuoni, khati naijua kama kiganja changu. Arubaini ilipokwisha, wazee wakafungua kasha, wakakuta karatasi nyingi zimeliwa na mchwa. Kama ilivyo desturi yetu, maandishi yenye jina la Mungu hayatupwi jaani. Wakakusanya kila kilichochakaa wakatia guniani, wakaenda kuzamisha baharini. Wayahudi nao wana ada kama hiyo. Huziweka kurasa zao kuukuu katika chumba maalumu cha sinagogi au huzizika, na kutoka chumba kimoja cha namna hiyo huko Cairo, mwishoni mwa karne ya 19, zilitoka karatasi karibu laki mbili zilizopelekwa Cambridge, ambazo zimewafunza wanavyuoni habari za biashara mpaka za Bahari ya Hindi.

Mimi siku ile niliambiwa, "Njoo utizame kabla hatujaenda, wewe ndiye msomi." Nikajibu kuwa nina mechi ya kandanda. Walipokwenda, gunia lilikwenda na misahafu iliyokwisha, na likaenda na tendi za babu alizoziandika kwa mkono wake, kwa kuwa asiyesoma Kiswahili cha khati ile huona kila kitu ni Kurani. Nilipata kujua baada ya miaka, shangazi yangu alipoanza kuniimbia beti tatu alizozikumbuka, akaniuliza ziko wapi zilizobaki. Sikuwa na jawabu, na sinalo. Hakuna Stalin aliyetuamuru. Kikulacho ki nguoni mwako.

Na tusidhani kuwa msiba huo ni wa nyumba yetu peke yake. Khati ya Kiarabu ndiyo iliyobeba Kiswahili kwa karne kadhaa. Hata mwaka 1930, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alipoanza kutoa jarida lake la Sahifa mjini Mombasa, aliandika Kiswahili kwa herufi hizo na watu wakamwelewa. Skuli za serikali zikashika Kilatini, na ofisi zikafuata, nasi tukafuata ofisi. Sisemi kwamba turudi nyuma. Makala haya yenyewe nayaandika kwa Kilatini. Nasema kwamba Mrusi alihitaji amri mbili na askari wengi kumfanya mtoto wa Bukhara asisome barua ya babu yake, na sisi tumefika pale pale bila ya askari hata mmoja.

Wako waliofanya kazi nzuri, na haki yao wapewe. Miswada ya Msikiti wa Riyadha wa Lamu imepigwa picha na kuhifadhiwa kwa mitambo ya kisasa. J. W. T. Allen alizunguka pwani hii akikusanya miswada kwa ajili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. London nako iko mingine, tangu alipoondoka nayo W. E. Taylor. Lakini picha si msomaji. Tukiwa na picha elfu na hakuna kijana wa kuzisoma, tutakuwa tumehamisha kaburi tu.

Nilimwomba Maalim anipe lile daftari nilichukue Pwani, nikidhani namfanyia hisani. Alilirudisha kasha magotini pake, akatabasamu, akasema, "La, mwanangu. Limekuja kwa miguu kabla ya reli, na limekaa. Wewe lipige picha kwa simu yako. Kisha nitafutie mtu wa kumfundisha huyu." Akamwekea mjukuu wake mkono begani.

Nilipiga picha, ukurasa kwa ukurasa, mpaka Magharibi. Kisha nikakaa na yule mtoto, umri wake miaka kumi na miwili, Kurani anaisoma vizuri. Nikamwonyesha jinsi wazee walivyoandika "pe" na "che" na "ve", sauti ambazo Mwarabu hanazo, na jinsi msomaji anavyokisia irabu kwa maana ya ubeti. Kabla sijaondoka alisoma beti mbili peke yake. Babu yake alilia.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo. Kila mwalimu wa chuo, kutoka Lamu hadi Vanga, atenge saa moja tu kwa wiki awafundishe wanafunzi wake wakubwa kukisoma Kiswahili kwa khati waliyokwisha kuijua. Hazihitajiki fedha, haihitajiki ruhusa ya waziri. Na nyumba yoyote yenye kasha, kabla gunia halijafika ufukweni, aitwe mtu wa kusoma. Akikosekana, gunia na lingoje.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Sisi tunalo daftari. Linalotukimbia ni yule wa kulisoma, naye bado yuko hai, yuko chuoni, ana miaka kumi na miwili, anangoja aitwe. Mimi niliitwa nikaenda kucheza mpira.

Wabillahi tawfiq.